Ampli ndogo kwa bafle za marehemu

Mwezi uliopita zamu ya likelemba ilitufikia: dola 120. Kabla feza haijaingia nyumbani ilikuwa imekwisha kugawanywa. Dola 80 za minervali ya mtoto mkubwa aliye sekondari, na 40 za ampli. Wengine kati yenu watasema: walimu gani hawa wanaonunua muziki na mtoto anadaiwa shuleni? Nasi tulijiuliza hivyo siku tatu nzima, na sauti zilipanda mpaka jirani akakohoa ukutani.

Jambo lilianza kwa koko, mama mzazi wa baba ya watoto, ambaye anakaa kwetu. Masikio yake yamepungua. Redio yake ndogo akiipandisha mpaka mwisho inakwaruza tu, maneno hayasikiki, naye anabaki kwenye kiti chake kama mgeni asiyejua lugha ya nyumba. Na pale saloni ziko bafle mbili kubwa za mbao za marehemu mume wake. Miaka minne hazijalia.

Hazikulia sababu sisi wenyewe tuliunguza ampli yake. Siku ya komunyo ya mtoto tuliazima bafle zingine mbili, tukazifunga pamoja na zetu, kila upande mbili sambamba. Bafle mbili za omu 8 zikifungwa hivyo, ampli inazihesabu kuwa omu 4. Nyuma yake iliandikwa, kwa herufi ndogo, isipewe chini ya 8. Ikapata moto kama pasi, saa ya keki ikatoa harufu na kunyamaza. Hatuwezi kumlaumu mtu. Tunafundisha hesabu darasani, na hatukusoma herufi ndogo.

Basi safari hii tulisoma kwanza. Kwenye soko la Kadutu tulionyeshwa ampli yenye taa za rangi, na mbele yake wati 1000. Baba ya watoto alishaanza kuisikia nyumbani. Tukaomba kuigeuza. Nyuma iliandikwa: volti 220, wati 60. Wamama, hiyo ya nyuma ndiyo inayosema kweli. Ampli haiwezi kutoa mfululizo nguvu nyingi kuliko ile inayomeza, kama vile sufuria ya lita 2 haitapakua lita 10 za supu. Namba kubwa ya mbele, hasa ikifuatwa na herufi PMPO, ni pambo. Tafuta RMS.

Jambo la pili ni umeme. Sisi wa Bukavu tunaishi kando ya Ruzizi, mto unaozungusha mashine za umeme, lakini kwetu umeme unafika wakati watu wamelala. Tunacho batri ya volti 12 na plake ya jua, kwa taa na simu. Ampli ya 220 ingedai kwanza mashine ya kugeuza umeme, na mashine hiyo inakula batri hata kama hakuna muziki. Kwa hiyo tulitafuta ampli inayokula volti 12 moja kwa moja, ya aina wanayoita D. Haipotezi nguvu nyingi kwa joto. Sehemu kubwa ya inachokula inafika kwenye bafle.

Iliandikwa wati 50 kila upande. Tulipiga hesabu mezani, watoto wakishuhudia. Wati 50 hizo zinataka volti zaidi ya 20 na bafle za omu 4. Kwetu ni volti 12: 12 mara 12 ni 144; gawanya kwa 16, yaani omu 8 mara mbili; inabaki wati 9 kila bafle. Baba ya watoto akacheka. Wati 9! Lakini bafle za marehemu zina karatasi nyuma: desibeli 90 kwa wati moja, ukiwa mita moja. Bafle za namna hiyo zinapiga kelele kwa nguvu kidogo. Tena ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, na sikio halishangai. Kwa koko aliyekaa hatua tatu, wati 9 zinabaki.

Ampli ilikuwa dola 22. Waya nene 5, fuse na swichi 2. Tusifiche: dola 11 zilizobaki zilileta mgogoro wa pili, maana mmoja kati yetu alitaka taa za rangi. Zikanunua viatu vya mdogo.

Siku ya kwanza muziki ulikuwa mwembamba, bila besi. Tulidhani tumeibiwa. Kumbe tuligeuza waya za bafle moja, chanya mahali pa hasi. Moja inasukuma hewa, nyingine inavuta. Tuligeuza, besi ikarudi. Halafu kukawa na mlio wa nyuki: simu iliyokuwa inacheza nyimbo ilikuwa inachajiwa kwenye batri ileile. Tulichomoa chaja, nyuki wakanyamaza. Fuse mwifunge kwenye waya chanya, karibu na batri, kabla ya mambo mengine yote. Batri haina huruma waya zikigusana.

Jioni ya Jumapili tuliunganisha redio ya koko kwa waya mdogo wa tundu la masikio. Mtangazaji alisoma habari. Koko alisikiliza mpaka mwisho, akauliza huyo mtoto anayesoma ni wa nani, kisha akatuambia tupunguze sauti kidogo, yeye si kiziwi.