Zamu ya Usiku, Sehemu ya 9: Nesi kwenye maonyesho ya katuni

Haya wapendwa, tuendelee. Sehemu ya 8 niliishia pale inchaji alipokubali nisipangwe Jumamosi usiku, nikaahidi kuwasimulia maonyesho yalivyokuwa. Tangu hapo inboksi imejaa. "Uliuza?" "Ulipata ngapi?" "Kwani watu wazima bado wanasoma katuni?" Nitajibu yote, na hesabu nitaiweka hadharani, ila mnivumilie, maana kilichonifanya nikae chini kuandika leo siyo hela.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni nesi, wodi ya watoto njiti, hapa Dar. Njiti ndiyo tunavyowaita watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Kuchora nachora tangu shule ya msingi, na kitabu changu cha kwanza cha katuni kinaitwa hivyohivyo, Njiti. Kinamhusu mama mmoja ambaye mtoto wake amezaliwa na gramu 1,400, na anafundishwa kumbeba kangaruu, kifua kwa kifua, ngozi kwa ngozi, amefungwa kitenge. Huo ubebaji wodini kwetu ni kazi ya kila siku, lakini ukiwaambia watu kwamba ulianza mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, kwa daktari Edgar Rey aliyekuwa na watoto wengi kuliko mashine za joto, wanakuangalia kama unawatania. Sikutunga. Na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likasema mtoto njiti aanze kubebwa hivyo mara tu anapozaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku. Kifua cha mama kinampa joto, kinamsaidia kupumua, na maziwa yako palepale.

Sasa kuprinti. Hadithi yangu ilikuwa na kurasa 22. Kitabu cha kukunja na kupiga pini katikati kinataka kurasa zinazogawanyika kwa nne, kwa hiyo nikaongeza mbili za mwisho: jinsi ya kufunga kitenge, hatua kwa hatua, na dalili za hatari za mtoto mchanga. Hapo nesi alimshinda mchoraji. Zikawa 24, yaani karatasi 6 za A4 zilizokunjwa, na jalada la karatasi ngumu. Steshenari ya mtaani kwetu walinifanyia nakala 80 kwa shilingi 2,300 moja. Kupiga pini nilipiga mwenyewe, kwa stepla ya mkono mrefu ya kuazima, mezani kwangu, mwanangu akihesabu. Alihesabu mpaka 31 akalala.

Ijumaa usiku niliingia zamu kama kawaida, nikatoka saa mbili asubuhi, nikaoga, nikapanda bajaji na boksi langu mapajani. Milango ilifunguliwa saa nne.

Nisiwadanganye, ni maonyesho madogo. Ukumbi mmoja, jukwaa moja, meza kama ishirini hivi. Na ukifikiria maonyesho ya katuni utadhani watu wanakuja kununua katuni, kumbe wengi wanakuja kuonana. Vijana wamevaa kama wahusika wa Naruto na One Piece, mawigi ya bluu, panga za maboksi, jasho linawatiririka na picha wanapiga hivyohivyo. Nilivyowaona niliwapenda. Yule binti aliyeshona vazi lake mwenyewe kwa shuka la zamani ningempa zawadi ya kwanza, hawakumpa.

Sisi wenye vitabu tuliwekwa kwenye korido, njia ya kwenda chooni. Mwenzangu upande wa pili alikasirika sana. Mimi nilifikiri kama nesi: chooni kila mtu atapita. Na kweli walipita. Tatizo likawa spika ya jukwaani, kila ukitaka kumweleza mtu kitabu chako unapiga kelele: "NI KUHUSU WATOTO NJITI!" Jaribuni kupiga kelele hivyo mbele ya kijana aliyevaa kama jini, mtaniambia.

Meza niligawana na dada anayeuza hereni na vishikio vya funguo vya wahusika wa Kijapani. Alimaliza mzigo saa saba. Mimi hadi saa hizo nilikuwa nimeuza vitabu 9 na stika kadhaa. Aliniambia kwa upole kabisa, "Dada, ungechora Naruto ameshika mtoto ungeuza." Nilicheka, lakini anasema kweli. Mtu anamnunua anayemjua. Mhusika wangu hajulikani, ana kitenge na miguu iliyovimba.

Ila watu wa umri wangu kwenda juu walisimama. Mzee mmoja, nadhani alimleta mjukuu, alishika kitabu akakinusa, eti harufu ya Sani. Nikamwamkia, akavuta kiti changu akakaa yeye! Akaanza kunihadithia Lodi Lofa, Madenge, Ndumilakuwili, jinsi gazeti moja lilivyokuwa linasomwa na nyumba nzima mpaka linachanika. Akaniuliza kama najua jina Sani limetoka wapi. Nikamjibu: Saidi na Nico, waanzilishi wake. Akafurahi kama nimefaulu mtihani. Tukaenda kwa Kingo wa James Gayo, tukarudi kwa Madenge. Mjukuu wake kaondoka zamani. Mzee alinunua kimoja, akaniambia, "Binti, hiki hakichekeshi." Nikasema kweli mzee, hakichekeshi sana. Akasema, "Sawa, nitakisoma taratibu."

Alikuja na bwana mmoja mwenye kitambulisho shingoni, wa shirika fulani, akapiga picha kurasa zangu mbili za mwisho bila kuuliza. Akasema wangependa kuzitumia kwenye semina zao, nami nitapata kujulikana. Nikamwuliza bajeti ya semina ina chai? Ina. Ina posho? Ina. Mchoraji je? Akaniachia kadi. Bado ninayo, nimeigeuza alama ya kitabu.

Basi, tuje kwenye lenyewe.

Kama saa tisa na nusu alisimama kaka mmoja, ana umri kama wangu, amemshika mkono mtoto wa miaka kama mitatu. Yule mtoto alikuwa anataka stika ya kangaruu. Nilimpa, akakaa chini ya meza kuibandika kwenye kiatu. Baba yake akaanza kusoma. Wasomaji wa mezani huwa wanafunua tatu nne, wanarudisha. Huyu alisoma ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, amesimama, watu wanampita na mawigi yao. Alipofika ukurasa wa 15 alirudi nyuma, akasoma tena.

Ukurasa wa 15 ni pale baba wa mtoto anafungua vifungo vya shati wodini na kumpokea mtoto kifuani, ili mama akaoge. Asubuhi ile vijana wawili walikuwa wameucheka sana ukurasa huo.

Akaniuliza, "Sista, huyu umemwona wapi?"

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote: simchori mgonjwa wangu hata mmoja. Nachanganya. Sura ya huyu, kitenge cha duka la jirani, maneno ninayoyatunga. Ninayoyaona wodini yanabaki wodini, ndiyo kiapo, na inchaji wangu ameshaniambia nikimchora hata kisigino tutaonana ofisini.

Akasema, "Mimi nilikaa hivi siku kumi na tisa. Mama mkwe hakuja kuniangalia, aliona aibu."

Nilidhani ameishia hapo, na ingenitosha. Nikamwangalia mtoto chini ya meza, nikasema hongera, kumbe ndiye huyu. Akasema ndiye. Kisha akaniuliza mtoto anaitwaje mle kitabuni. Nikamwambia hana jina bado, wengine husubiri mpaka watoke hospitali.

"Huyu anaitwa Kulwa," akasema.

Wenye asili ya huku mshaelewa. Kwa wasiojua: Kulwa ni pacha anayetangulia kuzaliwa, anayefuata ni Doto. Huwezi kuwa Kulwa peke yako. Jina lenyewe ni nusu.

Doto aliishi siku nne. Waliokwenda kuzika walikuwa wanaume watatu, asubuhi mapema, hapakuwa na matanga. Mama yao alikuwa bado wodini anamnyonyesha huyu mwingine, na kila aliyekuja alimwambia mshukuru Mungu umebakiwa na mmoja. Nyumbani bibi akaagiza mtoto asiitwe Kulwa, kwa sababu kila ukiita, mgeni anauliza, na Doto yuko wapi? Wakampa jina lingine. Kliniki, kanisani, kwa majirani, jina lingine. Baba tu ndiye anamwita Kulwa, wakiwa wawili.

Mimi nimekaa wodi hii miaka saba. Najua tunachofanya mtoto akifariki: tunaandika saa, tunamfunga vizuri, tunamweleza mama, na kama nafasi ipo tunamhamisha kitanda asikae katikati ya wanaonyonyesha. Kama ni pacha, hakuna kumhamisha, maana mwingine anataka kunyonya baada ya saa mbili. Kwa hiyo mama analia na kunyonyesha kwa wakati mmoja, na sisi tunasifia maziwa yanavyotoka. Hilo sijaliona kwenye katuni yoyote. Kuna nesi wa Chicago, MK Czerwiec, alichora kitabu kizima kuhusu wodi ya wagonjwa wa UKIMWI aliyofanyia kazi, Taking Turns, kilitoka 2017, na wagonjwa wake wanakufa kurasa kwa kurasa bila kuremba. Nakijua. Lakini hapo kwenye korido nilimfikiria mama huyo mwenye titi moja lenye kazi.

Nikamwuliza, namba mbili ungependa iweje? Nilitegemea aseme mtoto apone. Akasema, "Weka wawili. Na usimfiche yule mwingine. Mchore ana uso."

Alinunua vitatu. Nikataka kumpa kimoja bure, akakataa, akalipa kwa simu elfu kumi na tano kamili. Vya bure nilivyotoa siku ile ni viwili, kwa wale vijana waliocheka ukurasa wa 15, maana walirudi jioni wakiwa wamevua mawigi na hawana hela. Nimewasiliana na yule kaka kabla ya kuandika haya. Ameniruhusu, ila nisitaje anapoishi. Akaongeza kwamba mkewe amekisoma, na hakusema zaidi ya hapo.

Hesabu, kama nilivyoahidi. Kuprinti 184,000. Nusu meza 40,000. Stika 15,000. Bajaji kwenda na kurudi 12,000. Chakula 8,000. Jumla 259,000. Vitabu nimeuza 41 kwa 5,000, ni 205,000. Stika 30 kwa elfu moja, 30,000. Jumla 235,000. Hasara 24,000, na bado nina nakala 37 chini ya kitanda. Mnaotaka njooni inboksi, wa mikoani nauli ya basi juu yenu.

Mwakani meza naichukua tena. Koridoni palepale, waniwekee.

Namba mbili nimeianza Jumatano baada ya zamu. Mama ana watoto wawili kifuani ndani ya kitenge kimoja, na kuwafunga wawili kumenitoa jasho, ilibidi nimfunge mwanangu na mdoli mbele ya kioo ndiyo nione mikunjo inavyokaa. Doto yuko ukurasa wa 3. Uso wake nimeufuta mara nne, maana mtoto wa gramu 1,200 ana uso wa kizee na mimi mkono unanivuta kumchora bonge. Sasa hivi umekaa. Ana kofia ya sufi imemzidi, na jicho moja limefunguka.

Sehemu ya 10 nitaweka kurasa nne za penseli, mniambie kama kitenge kinaeleweka.