Vyungu vya Siti Darasani

Katika kufundisha Kiswahili hapa Uganda, kwanza Jinja na baadaye Mbale, tumekutana mara nyingi na mzazi aulizaye kwa nini mwanawe afundishwe lugha ya askari. Swali hilo halitokani na ujinga. Katika miaka ya 1970 wengi walikisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Lakini amri haifuti kumbukumbu.

Jinja tulijaribu kuwajulisha watoto wasanii wakubwa wa lugha hii. Tuliandika ubaoni majina yao, na miaka ya kuzaliwa na kufa. Watoto walinakili, wakasahau.

Mbale tulianza na chungu. Tuliwasimulia habari za msichana wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa mwaka 1880 katika nyumba ya wafinyanzi, akaitwa Mtumwa, akawa akichukua vyungu kwenda kuviuza mjini huku akivinadi. Sauti ile ile ilimfikisha Bombay mwaka 1928, nyimbo zake za Kiswahili zikatiwa katika santuri. Huyo ndiye Siti binti Saad.

Binti mmoja aliuliza, "Mwalimu, alisoma shule gani?"

Tulitamani kulikwepa swali, lakini tukasema kweli: hakujua kusoma wala kuandika.

"Basi sisi twasoma kwa nini?" akadakia mvulana, na darasa likacheka.

Siku ile hatukuwa na jibu. Juma lililofuata tulileta Wasifu wa Siti binti Saad, tukawaonyesha jina la mwandishi: Shaaban Robert, mshairi wa Tanga. Siti alifariki mwaka 1950. Santuri zilihifadhi sauti yake, ila habari za vyungu zingezikwa pamoja na waliomjua, lau asingetokea mtu wa kalamu kuziandika.

Kisha tuliwataka kila mmoja aandike maisha ya msanii anayemjua: mwimbaji, mpiga ngoma, msusi wa vikapu. Binti yule aliandika ya bibi yake, mfinyanzi. Ngeli zilimshinda mahali pengi, lakini tuliuona udongo ukikandwa na moto ukiwashwa, na askari hamkuwamo.

Baba yake ni mmoja wa wale waliotuuliza. Tumesahihisha kwa penseli, na daftari tumelirudisha nyumbani akasomewe.