Kifaru Begani

Kila ninapofundisha historia ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, huwaonyesha wanafunzi wangu picha za askari wa Afrika Mashariki wakiwa Burma, na huwaomba watazame mabega kabla ya nyuso. Kwenye mkono wa sare, chini kidogo ya bega, pana kipande cha kitambaa chenye kichwa cha kifaru. Hiyo ilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943 kwa askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Alama hizo zilikuwa na kazi yake. Vita vilipoanza mwaka 1939, jeshi la Uingereza liliondoa alama nyingi kwenye sare za vitani ili adui asitambue anapambana na kikosi gani. Baadaye alama za divisheni ziliruhusiwa, nyingi zikiwa picha tupu zisizotaja jina wala namba ya kikosi. Waingereza walizishona kwenye mikono yote miwili. Wamarekani walishona yao kwenye mkono wa kushoto. Aliyepotea njiani aliwatambua wenzake kwa kutupa jicho begani, na aliyeivaa alijiona ana watu. Ndugu zetu wa Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi walivaa buibui.

Kinachonishughulisha mimi ni kwamba kifaru yule alikuwa mmoja kwa wote. Jenerali alimvaa, na askari wa kawaida alimvaa. Tofauti ilianzia kwenye alama za cheo. Katika King's African Rifles, Mwafrika aliweza kupanda kutoka tepe moja hadi tepe tatu, hata akafikia uwaranti. Lakini maafisa wenye kamisheni walikuwa Wazungu. Kitambaa kimoja kilimwambia askari kuwa yeye ni mwenzetu, na kingine, kwenye sare ileile, kikamwonyesha mahali ambapo hatavuka.

Naye alitimiza wajibu wake. Mwaka 1944 divisheni hiyo iliwafuatia Wajapani katika bonde la Kabaw, kwenye mvua kubwa, tope na malaria, na ilipofika Desemba ikavuka mto Chindwin pale Kalewa. Wengine hawakufika hata Burma: tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Walikufa watu wapatao 1,300, wakiwemo wanamizinga wengi wa Afrika Mashariki.

Vita vilipokwisha, kiinua mgongo cha askari hao kilipangwa kwa cheo, kwa muda wa utumishi, na pia kwa rangi ya ngozi. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Hawa walicheza ugenini, wakarudi kwao wakiwa raia wa daraja la chini katika makoloni yaleyale waliyoyatoka. Si ajabu kwamba baadhi yao hawakukubali tena kunyamaza.

Nayaandika haya kwa sababu desturi hiyo haijaondoka na mkoloni. Tazama ofisi zetu: wa ajira ya kudumu na wa mkataba wa miezi mitatu huvaa nembo moja kifuani, huimbiwa wimbo mmoja wa “sisi ni familia”, kisha mmoja akiugua hulipwa na mwingine huambiwa asirudi. Mlinzi wa lango huvaa nembo ya taasisi inayojivunia mabilioni, naye hajapata mshahara wa mwezi uliopita.

Nembo ni ahadi. Anayemshonea mtu nembo begani amekiri hadharani kwamba mtu huyo ni wake. Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye mamlaka ya kusaini orodha ya malipo, kabla hujaagiza sare mpya, isome kwanza mikataba ya wale watakaozivaa.