Barabara ya divai, kwa mwendo wa mzee

Mama mmoja wa Bukavu anayeishi Strasbourg, Ufaransa, anamngoja baba yake mwenye miaka 78. Anapanga kumtembeza kwa gari kwenye Barabara ya Divai ya Alsace, iliyofunguliwa mwaka 1953. Ni kilomita kama 170, kutoka Marlenheim hadi Thann. Mume wake alitaka waimalize kwa siku moja. Mama alikataa: mzee haji kuhesabu vijiji. Watapumzika Obernai, kisha wale Riquewihr saa sita kamili, maana restora nyingi hufunga jiko alasiri. Atakayeendesha hataonja divai. Mama huyo hajala meza moja na baba yake tangu miaka tisa. Hataki siku hiyo iishie garini.