Swali Nililouliza Vibaya

Nimekuwa muuguzi kwa miaka 22, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimehudumu katika wodi ya wazazi. Wagonjwa wengi nimewasahau. Yuko mama mmoja ambaye siwezi kumsahau, na leo nakusimulia habari zake ili zikufae.

Alikuwa na umri wa miaka 37, naye alijifungua mtoto wake wa tatu kwa upasuaji. Usiku ule nilikuwa zamu. Tulikuwa na fomu ya kupima hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa, nami ndiye niliyeijaza. Nilipofika penye magonjwa ya zamani nilimwuliza, "Mama, umewahi kupata tatizo la damu kuganda?" Akajibu, "Hapana, sista." Nikatia alama, nikaenda kitanda kingine.

Siku ya tano, akielekea msalani, alibanwa na pumzi ghafla, akaanguka. Tulimhangaikia sana, lakini alifariki. Daktari alitueleza kuwa bonge la damu lilitoka mguuni, likaziba mshipa wa mapafu.

Mama yake alipokuja kumchukua mtoto, aliniambia neno lililonikata maini. "Mwanangu, hata uzazi uliopita mguu wake wa kushoto ulivimba mwezi mzima. Tulisema ni baridi. Nilimkanda mwenyewe kwa maji ya moto."

Basi jibu lilikuwepo. Marehemu hakunidanganya. Hakujua kuwa mguu ule huenda ulikuwa na damu iliyoganda, maana hakupelekwa hospitali. Mimi niliuliza kwa lugha ya fomu, yeye akanijibu kwa alichokijua.

Kwa nini mama aliyejifungua yumo hatarini? Wakati wa ujauzito damu huwa tayari kuganda upesi zaidi, ili mama asipoteze damu nyingi anapojifungua. Lakini damu hiyo ikiganda ndani ya mshipa, huleta madhara. Hatari ni kubwa hasa katika wiki 6 baada ya kujifungua. Huzidi kwa aliyepasuliwa, mwenye uzito mkubwa, aliyevuka miaka 35 au anayelala kitandani muda mrefu. Huzidi sana kwa aliyewahi kuugua, na pia kwa mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua.

Fomu ni kitu chema. Huko England, tangu mwaka 2010, hospitali zimetakiwa kumpima hatari hii kila mtu mzima anayelazwa. Lakini fomu haina masikio. Siku hizi nauliza hivi: "Je, mguu wako mmoja umewahi kuvimba na kuuma kuliko mwenzake? Umewahi kubanwa na kifua ghafla baada ya kujifungua? Yupo ndugu yako aliyefariki ghafla baada ya uzazi au upasuaji?" Kisha nangoja jibu. Na mama akishajifungua narudia tena, kwa sababu hali hubadilika.

Mwaka jana mama mmoja alifikiri kidogo, akasema, "Ndiyo, sista. Mguu ulivimba, wakasema nimekanyaga kitu kibaya." Nilimwita daktari usiku uleule. Alipewa sindano za kuzuia damu kuganda, nasi tukamsaidia kutembea mapema. Alirudi nyumbani na mwanawe mikononi.

Katika kikundi chetu cha akina mama kanisani nasisitiza haya. Ukilazwa, usingoje kuulizwa. Eleza yote, hata yale uliyoambiwa ni baridi au uchawi. Mguu mmoja wa mzazi ukivimba, ukawa na joto na maumivu, msiukande wala kuuchua. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Akibanwa na pumzi, akiumwa kifua au akikohoa damu, msingoje hata kidogo. Na mama mkwe anayechemsha maji ya kukanda, tusimlaumu. Yeye anafanya kwa upendo. Tumweleze kwa heshima.

Yule mtoto sasa yuko darasa la pili, na bibi yake humleta kanisani kwetu. Nilimwomba bibi huyo msamaha, naye alinisamehe. Kila nimwonapo mjukuu wake kwenye kwaya ya watoto, nakumbuka kwamba kesho nina zamu, na kwamba yapo maswali ya kuulizwa vizuri.