Kusi Ikigonga Mlima: Barua kutoka Salalah

Salalah, mwishoni mwa Agosti

Mjomba,

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli Uarabuni kuna mahali watu wanavaa sweta mwezi wa Agosti. Ni kweli, na anayewavalisha ni kusi hiyohiyo inayowazuia nyinyi Kizimkazi kutoka na ngalawa.

Ikishawapita nyinyi inakata ikweta, inaambaa pwani ya Kenya na Somalia, kisha inapinda kuvuka Bahari ya Arabia kuelekea India. Mtaalamu mmoja, Findlater, aliieleza njia hiyo kwa vipimo mwaka 1969, na wanasayansi wakaipa jina lake. Manahodha wa majahazi hawakungoja vipimo. Walijua kwamba Juni na Julai bahari hii haiendeki, wakasafiri kusi inapoanza au inapolegea.

Hapa Dhofar, kusini mwa Oman, upepo hauji moja kwa moja nchi kavu. Unapita ubavuni mwa pwani, unasukuma maji ya juu kwenda bahari kuu, na ya chini, yenye baridi, yanapanda kushika nafasi yake. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo inapoa na kuwa ukungu, kisha inakwenda kugonga milima. Juu yake imekaa hewa kavu ya moto kutoka jangwa la Rub' al-Khali, kama kifuniko cha sufuria. Wingu halipati njia ya kupanda, basi linabaki kudondosha manyunyu. Tangu 21 Juni hadi 21 Septemba, msimu wanaouita khareef, mlima wote hugeuka kijani na nguo hazikauki. Kanzu niliyoianika juzi bado inanuka unyevu.

Nilikuja kwa gari kutoka Muscat, kilomita kama elfu moja, nyingi zake jangwa tupu. Kule Thumrait joto lilikuwa la kukausha macho. Nilishuka kununua maji, na usukani niliukuta hauguswi. Kutoka hapo hadi Salalah ni kilomita 80 hivi. Ukikaribia ukingo wa mlima unaona mbele ukuta mweupe umelala juu ya barabara. Unaingia, na papo hapo kioo kinalowa, waipa zinaanza kazi, na kila dereva anawasha taa za hatari na kutambaa. Nyasi zinatokea kandokando, kisha ng'ombe, wamesimama katikati ya lami wala hawana haraka. Ngamia nao wafugaji huwashusha tambarare msimu huu, maana matope ya mlimani huwatelezesha. Jamaa wa nyuma yangu alipiga honi mfululizo. Ng'ombe hawakujali.

Miubani, Mjomba, haimo katika ukijani huu. Ile ya Wadi Dawkah iko ng'ambo ya mlima, upande mkavu ambao manyunyu hayafiki.

Sasa sikiliza taarifa ya hali ya hewa ya nchi hii mwezi huu, maana ni kama inasoma nchi mbili. Dhofar: ukungu na manyunyu pwani na milimani. Pwani ya Bahari ya Arabia kwenda kaskazini: mawingu ya chini au ukungu usiku wa manane hadi alfajiri. Milima ya Hajar, kaskazini: mchana huenda yakajengeka mawingu ya radi, mvua za hapa na pale na upepo mkali. Mvua hizo wenyeji wanaziita rawayih. Asubuhi mbingu safi kabisa. Jua linachoma majabali, upepo wa bahari unaleta unyevu, na huko hakuna kifuniko. Nikiwa Nizwa niliona wingu moja likipanda upande wa Jabal Akhdar tangu adhuhuri, na alasiri likaanza kunguruma. Mjini halikudondosha hata tone. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu wadi, yaani bonde kavu, linaweza kushuka na maji ya mvua ambayo wewe hukuiona. Sheria inamwadhibu dereva anayelivuka likiwa limejaa, na kwa maoni yangu inastahili.

Msimu huu watu wa Muscat wanahamia huku kwa mafungu. Jioni uwanda wa Ittin unajaa familia na mikeka, na moshi wa mishikaki haupandi, unatandaa kwenye magoti ya watu. Kwenye kibanda cha madafu bibi mmoja alinisikia nikiongea na simu, akageuka: "Wa wapi wewe, mwanangu?" Amezaliwa Ng'ambo, Unguja, na Kiswahili chake hakijachakaa. "Muscat joto latuua, huku ndiko twaja kupumua," akasema. Kisha akalisema dafu la hapa kuwa maji matupu, akaagiza la pili.

Wiki zijazo manyunyu yatapungua, na baada ya 21 Septemba huingia Sarb: ukungu unaondoka, bahari inatulia, wavuvi wanarudi kazini. Ukija, njoo hapo. Lakini nguru usimtarajie, uvuvi wake umefungwa tangu 15 Agosti hadi 15 Oktoba. Mimi narudi Muscat Jumamosi, na kipande cha milima ya Hajar nitakipita asubuhi, kabla mawingu hayajaanza kujengeka. Nisalimie mama, mwambie ubani wake nimeupata, ule mweupe aliouagiza, na bei nimeteta mpaka muuzaji akacheka.

Mpwa wako