Ningu na safari yake ya masika

Msimamishe kijana yeyote pale Mwanza au Musoma umwambie akutajie samaki wa Ziwa Viktoria. Atakwambia sangara, sato, dagaa. Akiwa mtoto wa pwani ya ziwa hasa ataongeza furu, kamongo, labda na gogogo. Sasa mtajie ningu uone. Wengi watakukazia macho kama umetamka neno la Kichina.

Basi leo nataka tuongee habari za ningu, maana kuna kitu kinanikera na nisipokisema kitanivuruga usingizi.

Ningu ni samaki wa kwetu kabisa. Wataalamu wanamwita Labeo victorianus, na makazi yake ni Ziwa Viktoria na mito inayoingia humo: Kagera, Mara, Nzoia, Yala, Sondu na mingine. Si mkubwa. Akikua sana anafika kama sentimita 40. Mdomo wake uko chini ya kichwa, umenona kidogo, na kazi yake ni kukwangua mwani kwenye mawe na matope. Ana miba mingi, lakini ana ladha ambayo wazee wakiikumbuka wanafumba macho.

Kinachomtofautisha na sato ni safari. Mvua za masika zikikolea, mto ukijaa na maji yakageuka rangi ya udongo, ningu wanatoka ziwani kwa makundi na kupanda mto. Hawapandi kutembea. Majike yamejaa mayai. Wanakwenda hadi mahali ambapo mto umefurika ukalala juu ya majani, na huko ndiko wanakozalia, kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Maji yakianza kupungua, wakubwa wanageuka na kurudi ziwani, na watoto wanafuata baadaye. Vuli ikija na maji ya kutosha, wengine wanapanda tena.

Sasa fikiria wewe ni mvuvi. Mwaka mzima unamtafuta samaki kwenye ziwa ambalo ng'ambo yake huioni. Halafu ghafla samaki mwenyewe anakufuata, kwa maelfu, anapita mahali pembamba unapoweza kurusha jiwe likafika upande wa pili, tena katika wiki ambazo unajua zinakuja. Hapo ndipo penye neema na ndipo penye msiba.

Mwezi Aprili nilikuwa nafuata habari ya mafuriko katika kijiji kimoja kando ya Mto Mara, si mbali sana na daraja la Kirumi. Kazi ilipoisha nikakaa na mzee mmoja aliyekuwa anasuka mgono, ule mtego wa fito wenye koo nyembamba, samaki akishaingia hatoki. Nikamwamkia, akaitika, nikamuuliza kama bado anapata ningu.

"Ningu?" akacheka. "Mjukuu wangu, umemjulia wapi huyo?"

Akanieleza kwamba enzi za baba yake migono mingi ilitegwa mdomo ukitazama juu mto unakotoka. Maana yake ni nini? Maana yake inamkamata samaki anaporudi, akiwa ameshazaa. Nikamuuliza kama hiyo ilikuwa sheria. Akasema hakuna aliyeiita sheria. Ndivyo ilivyotegwa tu. Na wala hakutaka nimfanye malaika: "Hata wanaopanda tulikuwa tunawakamata. Lakini mgono ni mgono. Huwezi kuziba mto kwa fito. Wengine walikuwa wanapita."

Wengine walikuwa wanapita. Nimeibeba sentensi hiyo mpaka mjini.

Kwa sababu nyavu haziachi wapite. Nyavu za kutega za kizungu zililetwa kwenye Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, mwaka 1905. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham alifanya utafiti wa kwanza mkubwa wa uvuvi wa ziwa hili, na tayari alikuta samaki wanapungua karibu na mialo. Miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni, nyepesi, ngumu, haziozi. Watu wakazitandaza kwenye midomo ya mito wakati wa masika. Jike lenye mayai elfu na elfu likawa linanaswa mlangoni kabla halijaingia chumba cha uzazi. Mwaka 1965 mtafiti aitwaye Cadwalladr aliandika juu ya Mto Nzoia kwamba uvuvi wa ningu umeporomoka, na kwamba zile njia za asili za kuvua nazo zinakufa.

Angalia hiyo tarehe vizuri, msomaji. 1965.

Sisi tumezoea kwamba kila kiovu cha Ziwa Viktoria amekifanya sangara. Mwaka 2004 Hubert Sauper alipotoa filamu yake ya Darwin's Nightmare tulitukanana sana, na mwaka 2006 Rais Kikwete mwenyewe akaikemea hadharani. Ugomvi ulikuwa juu ya Mwanza, ndege na mapanki. Sangara ana kesi yake ya kujibu, hasa kwa furu, sibishi. Lakini sangara alipandikizwa ziwani kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, na hakutawala mpaka miaka ya 1980. Ningu alikuwa ameshapigwa chini kabla yake. Huyu hakuliwa na mgeni. Huyu tulimmaliza wenyewe, mlangoni pake, tena katika wiki zilezile anazozaa.

Ni rahisi kumwandika sangara, ana meno. Nani ataandika habari ya wavu?

Niliporudi mjini nikamsimulia haya rafiki yangu mmoja anayesoma Michigan, Marekani. Akanitumia picha. Huko kuna samaki wanaoitwa sucker, yaani mfyonzaji, kwa ajili ya mdomo wao ulio chini ya kichwa. Nao wako katika oda moja ya kisayansi na ningu, ingawa familia ni tofauti. Theluji ikiyeyuka, mwezi wa nne hivi, wanatoka kwenye maziwa makuu na kupanda vijito wakazae. Watu wanakwenda na nyavu za mkono, wengine na mikuki, wanawakamata, wanawakausha kwa moshi au kuwasaga nyama kwa sababu ya miba. Matajiri wanawadharau, wanawaita samaki takataka. Lakini kuna tarehe na kuna sehemu zilizoruhusiwa. Na kuna jambo lililonigusa zaidi: wanasayansi wa Shedd Aquarium ya Chicago wanashirikiana na wananchi wa kawaida ambao kila msimu wanakwenda kijitoni na kuandika ni samaki wangapi wamewaona siku hiyo. Samaki takataka, na bado ana watu wa kumhesabu!

Najua utasema nini. Utasema ni rahisi kulinda samaki kama una friji imejaa kuku. Na mimi nakubali. Pale kijijini nilimwona mama mmoja akipanga samaki wake juu ya turubai. Ningu walikuwa watatu tu kati ya lundo la kambale na gogogo, na wote watatu walikuwa na matumbo yaliyotuna. Nikamuuliza bei, akaniambia hao wana bei ya peke yao.

"Kwa nini, mama?"

"Wana mayai, mwanangu. Mayai ndiyo utamu wenyewe."

Pembeni yake alikuwepo mtoto wa kike mwenye sketi ya shule iliyopauka. Nenda sasa ukamwambie huyo mama aache. Ukamwambie ningu ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa samaki walio hatarini kutoweka. Mimi nilishindwa kusema lolote, na hata leo sidhani kwamba yeye ndiye wa kuambiwa kwanza. Samaki watatu kwenye turubai hawaui mto. Kinachoua ni nyavu za timba, zile za uzi wa plastiki, zilizotandazwa ukingo hadi ukingo usiku kucha, na makokoro yanayozoa kila kitu hapo mdomoni.

Lakini jambo linawezekana. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Ziwa zima! Watu walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, maana tumbo halina likizo. Hata hivyo lilifanyika. Ningu haombi ziwa zima. Anaomba midomo ya mito michache, kwa wiki chache za mafuriko, wavu usiwepo. Akishazaa, akirudi, mkamateni. Hiyo ndiyo hesabu ya yule mzee na mgono wake, haina shahada ndani yake.

Wapo pia wanaojaribu njia nyingine. Mwaka 2004 watafiti Justus Rutaisire na Anthony Booth walichapisha kazi inayoonyesha kwamba ningu anaweza kuzalishwa akiwa bwawani. Ni habari njema. Ila ningu wa bwawani asiyejua mafuriko ni sawa na mtoto wa mhamaji aliyekulia ghorofani: jina analo, safari hana. Tukimfuga na mto ukabaki umezibwa, tutakuwa tumeokoa kitoweo tu.

Kwa hiyo nina ombi dogo kwa walimu wa shule zilizo kando ya Mara, Kagera na Simiyu. Masika ijayo, mto ukibadilika rangi, wapeni watoto daftari moja. Waende kwa wavuvi jioni, waandike tarehe, ningu wangapi, wana mayai au hawana. Basi. Haihitaji mfadhili wala semina yenye posho. Miaka mitano ya daftari kama hilo itakuwa na nguvu mbele ya mkuu wa wilaya kuliko makala yangu kumi.

Na wewe unayesoma, mpigie simu bibi au babu yako leo jioni. Ukishamsalimia, muulize kama alimfahamu ningu. Sikiliza atakavyonyamaza kidogo kabla ya kujibu, kisha uniambie.